Kata ya Mangesho

Mwonjaji hajiiti mlevi.

Leo mmeisikia methali hiyo pale kwenye kipaimara. Mama mmoja alimtupia shemeji yake aliyekuwa akizungukia mitungi, nanyi mkacheka, kisha mkauliza ilitoka wapi. Ilitoka kwenye aibu. Na aliyeaibika hakuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni. Alikuwa mtu mzima mwenye mji wake na heshima yake. Siku moja alilala njiani kwa pombe, na maji yakabomoa nyumba ya mjane wa kaka yake. Kisa chenyewe kilikwenda hivi.

Zamani, kabla mabomba hayajafika kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watu walikunywa maji ya mfereji, wakanywesha mifugo na kumwagilia mashamba kwa hayo hayo. Mfereji wa kijiji hicho ulianzia juu msituni, kwenye banio. Banio lilikuwa mawe, magogo na vigogo vya migomba vilivyopangwa kukata kijito, ili maji yageuke na kushuka kwenye vihamba, yaani yale mashamba ya migomba na kahawa ambamo watu wamejenga na ambamo huzika wafu wao. Banio lilitaka mtu. Kiangazi mtu huyo aligawa zamu za maji. Masika, mlima ukifunga mawingu meusi, alipaswa kupanda upesi na kulivunja, mafuriko yapite kijitoni yaende zake bondeni. Asipolivunja, mafuriko yote huingia mferejini, na mfereji wa udongo hauna kifua cha kuyabeba.

Mtu huyo alikuwa Mangesho. Walimchagua kwa sababu hakuwa mlevi. Siku za soko hakukaa kilabuni. Hakuimba njiani, hakupigana, hakuna aliyewahi kumbeba mgongoni kumrudisha kwake. Tena aliketi pamoja na wazee wa mfereji, akihukumu waliovuruga zamu za maji na waliovunja kingo kwa miguu ya ulevi. Aliyehukumiwa mara nyingi kuliko wote alikuwa kijana mmoja aitwaye Ngilisho.

"Ulilewa au hukulewa?" Mangesho alimuuliza siku moja mbele ya watu.

"Nililewa, mzee. Sikatai."

"Huoni haya?"

"Haya ninayo. Na kiu ninayo. Zote mbili zinalala kitanda kimoja."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mangesho hakucheka. Alimpa Ngilisho adhabu ya kuzibua mfereji, sehemu ya juu kabisa karibu na banio, masika nzima. Akarudi nyumbani akiwa ameridhika, akamwambia mkewe, Aikande, kwamba kijana yule atafia mtaroni.

Sasa, Mangesho alikuwa na ulimi. Kijiji kizima kilijua. Mbege ni pombe ya ndizi na kimea cha ulezi, na ina mahali pengi pa kuharibikia: ndizi zikiungua chunguni, kimea kikishika ukungu, maji yakizidi. Mangesho alitia mdomoni kata, kile kibuyu cha kunywea, akafumba macho, akasema, "Kimea hiki kilianikwa siku ya mawingu," na mwenye pombe akaapa ni kweli. Isitoshe, ilikuwepo desturi kwamba mgeni hapewi mbege kabla haijanywewa mbele yake, ili ajue hakuna sumu ndani. Basi penye posa, penye matanga, penye kazi ya pamoja, aliitwa Mangesho aonje kwanza. Akishaonja hufuta mdomo kwa kiganja na kusema, "Imekaa vizuri." Kabla ya neno hilo hakuna aliyegusa kata.

Mwanzoni alionja kwa haki. Alichukua funda moja, akatoa hukumu yake, akaenda shambani. Baadaye akaona kwamba funda moja halimtoshi mtu anayetaka kusema kweli. Akawaeleza akina mama wapika pombe: "Kata ya kwanza ni ya kuosha ulimi. Ya pili ndiyo ya kuonja. Ya tatu ni ya kuhakikisha kwamba ya pili haikunidanganya."

Walicheka, wakampa. Waliendelea kumpa, na ulifika wakati hakuna aliyecheka tena.

Mikono ilianza kumtetemeka asubuhi. Alisema ni baridi ya mlima. Akipita kwa mwenye mbege na kuonja, baridi ile ilimtoka hata kama jua lilikuwa halijachomoza, na jambo hilo hakujiuliza. Chakula cha asubuhi kikamchefua. Akawa anajua kila nyumba ilipika lini na pombe yake itaiva lini, na safari zake za kukagua mfereji zikafuata mitungi badala ya maji. Bibi mmoja alipomwita mkwewe aonje badala yake, Mangesho alinuna kama mtu aliyeibiwa, akapita mlango ule bila salamu mpaka alipoitwa tena.

Jioni moja alifika nyumbani na hakukumbuka njia aliyopita. Akajiambia ni uzee. Lilikuwepo neno jingine, tena karibu zaidi, lakini hakulichukua. Hilo lilikuwa neno la Ngilisho.

Aikande alianza kumjazia chai nusu kikombe.

"Mbona nusu?" Mangesho aliuliza.

"Majani yamepungua," akasema mkewe, akainama kuchochea moto.

Kaka yake Mangesho alikuwa amefariki, akamwacha mjane, Ndeanasia. Ukoo ulimkabidhi Mangesho amwangalie yeye na kihamba chake. Kihamba hicho kilikuwa chini kidogo ya mfereji. Kaburi la marehemu lilikuwa hapo hapo kando ya nyumba, limezungushiwa mawe na masale, ile mimea ya majani marefu ambayo watu wa huko hupanda mipakani na makaburini. Ndeanasia alikuwa mwanamke mpole, hakuwa na makelele. Kiangazi kimoja alimsubiri Mangesho njiani na debe mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Zamu yangu ya maji imepita tena. Sijaona hata tone. Nilisema labda umesahau."

Mangesho alijaribu kukumbuka kama alifungua. Alikumbuka kutoka nyumbani, alikumbuka kuonja mahali, na baada ya hapo palikuwa na giza tupu.

"Nilifungua," akasema kwa ukali. "Wewe ndiye uliyelala. Mwanamke ukilala, maji yakusubiri?"

Majirani walikuwa wakisikia. Ndeanasia alitazama debe lake, akasema, "Haya, shemeji. Nisamehe," akashuka bondeni kuchota. Mangesho alibaki amesimama na uso wa moto. Alijua amesema uongo. Alikwenda kuonja mahali ili uso upoe.

Ikaja masika. Siku moja, mchana umepinda, Mzee Towo, mkubwa wa wazee wa mfereji, alifika mwenyewe uani kwa Mangesho akiwa amejitanda blanketi.

"Mangesho, umeuona mlima?"

"Nauona, mzee."

"Umefunga. Panda ukavunje banio."

"Napanda."

"Sasa hivi. Isiwe baadaye."

"Mzee, mimi si mtoto."

Akachukua panga lake, akatoka. Na alikuwa amekusudia kweli kwenda moja kwa moja, hilo msimnyang'anye. Lakini njia ya banioni ilipita mlangoni kwa Mama Anandumi, na Mama Anandumi alikuwa anapikia kipaimara cha mwanawe. Harufu ya ndizi na ulezi ilimpokea Mangesho tangu mbali. Miguu ikapinda yenyewe.

"Karibu, baba. Mbona na panga?"

"Naenda kuvunja banio. Mlima umefunga."

"Basi wahi, mvua itakukuta njiani."

"Ya kipaimara umeshaichanganya?"

"Asubuhi hii. Bado changa, baba. Ni ya kesho."

"Changa ndiyo ya kuonjwa. Kesho ikikataa utamlaumu nani?"

Mama Anandumi alitazama mlima, akamtazama yeye. "Hutachelewa?"

"Kata moja inamchelewesha nani, mama?"

Akaosha ulimi. Akaonja. Akahakikisha. Matone ya kwanza yalipoanza kupiga majani ya migomba, akasema asubiri yapungue, na kusubiri bila kitu mkononi ni kazi ngumu, kwa hiyo akaongezewa. Alipotoka, mvua ilikuwa haijapungua hata kidogo. Njia ilikuwa imegeuka utelezi. Goti lilimsumbua. Aliona mgomba mkubwa kando ya ukingo wa mfereji, akaketi chini yake ili goti lipumzike kidogo tu, halafu apande.

Kilichomwamsha ni maji yakiingia sikioni.

Aliinuka kwa mikono na magoti. Mfereji ulikuwa umejaa hadi midomoni, maji mekundu yenye mawe, na mbele kidogo, upande wa chini, ukingo haukuwepo. Palikuwa na pengo, na maji yote yalikuwa yakiingia pengoni yakinguruma. Akapapasa panga lake. Halikuwepo. Wakati bado anapapasa, maji yakaanza kupungua yenyewe, kama vile mtu ameyafungia juu. Akajua banio limevunjwa, na hakulivunja yeye.

Akashuka mbio akianguka na kuinuka. Pengo lile lilikuwa juu ya kihamba cha Ndeanasia.

Nyumba ilikuwa imelala kifudifudi, paa juu ya matope. Upande wa nyumba walimolala ng'ombe na mbuzi haukuwepo kabisa. Watu wanne walikuwa wamemlaza Ndeanasia juu ya mlango uliong'oka na kumbeba. Alikuwa ameingia kumfungua ng'ombe, ukuta ukamwangukia nyongani. Hakulia. Alipopitishwa mbele ya Mangesho, alimtazama, akavuta pumzi puani, akafumba macho. Alikuwa ameisikia harufu ya mbege.

Mangesho aligeuza uso, na hapo ndipo alipoona kwamba kaburi la kaka yake halipo. Mawe hayapo, masale hayapo. Mahali pote palikuwa mto wa matope ulionyooka mpaka kwenye mibuni ya chini, na mibuni nayo ilikuwa imelala.

Kesho yake wazee walikaa uani kwa Mzee Towo. Watu walijaa. Mangesho alisimama, akajikaza.

"Nilifika banioni," akasema. "Maji yalinizidi nguvu. Mtu mmoja hawezi kushindana na mlima."

"Ulifika?" Mzee Towo akauliza.

"Nilifika."

Kutoka nyuma mtu alikohoa. Alikuwa Ngilisho, bado na matope ya mferejini miguuni.

"Mzee Mangesho, samahani. Ulipita njia ipi?"

"Njia ya siku zote."

"Kwenye njia ya siku zote ndiko nilikokukuta umelala. Masika hii mmenipa tena adhabu ya kuzibua kule juu, si ndiyo? Mvua ilipozidi nikashuka kukuita. Nikakutikisa. Ukaniambia, 'Bado changa, ni ya kesho.'"

Mtu mmoja aliangua kicheko, akakinyamazisha kwa kiganja.

"Nikachukua panga lako nikarudi juu mbio," Ngilisho akaendelea. "Banio nimelivunja mimi. Nilichelewa. Na mimi nilikuwa na kata zangu kichwani, sikatai, ningekuwa mkavu ningewahi. Panga lako hili hapa."

Akaliweka chini, katikati ya uwanja. Lilikuwa panga la Mangesho, mpini uliofungwa ngozi, kila mtu alilijua. Mangesho alilitazama. Masikio yake yalivuma kama maji bado yamo ndani.

"Nilionja tu," akasema. "Nilipita kwa Mama Anandumi nikaonja, kama ninavyoonja kwenu nyote. Mimi si mlevi. Mlevi mnaye hapa, mnamjua."

Akamnyooshea Ngilisho kidole. Kidole kilitetemeka, na watu wote walikitazama kidole badala ya Ngilisho. Akakirudisha.

Mzee Towo hakubishana naye. Alisema, "Kachume jani la masale. Utakwenda kwa shemeji yako."

Watu wa huko wana sheria moja ambayo haijawahi kuandikwa. Ukimkosea mtu, hata kosa kubwa, ukamwendea na jani la masale lililofungwa fundo, hawezi kukukataa. Atakusamehe hata kama meno yanamuuma. Halafu mbege ya upatanisho hunywewa. Ila siku hiyo utaratibu wa kuonja hugeuzwa. Aliyekosewa ndiye anayegusa kata kwanza. Mkosaji hanywi mpaka apewe kata ile kwa mkono wa yule aliyekosewa. Kila mtoto wa kijiji alijua hivyo, na Mangesho alikuwa amesimamia upatanisho wa watu wengi kwa utaratibu huo huo.

Masale yaliyokuwa karibu naye yalikuwa ya kaburi la kaka yake, nayo yalikwenda na maji. Ilimbidi akaombe jani mpakani kwa jirani. Aikande alipika mbege. Siku zote ilipokuwa ikiiva, Mangesho hakuingia jikoni. Alikaa nje, akitoka jasho katika baridi, mikono ameikalia.

Ndeanasia alikuwa amehifadhiwa kwa jirani, amelazwa kwenye ngozi na mguu umefungwa vijiti. Walikwenda mchana, jua limetoka, watu wameketi pande zote. Mzee Towo alitangulia. Aikande alifuata na mtungi kichwani. Mangesho alipiga magoti, akaweka jani mbele ya shemeji yake kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema, "nimekuja."

"Nimekuona, shemeji," akasema Ndeanasia. Akachukua jani, akaliweka kifuani. "Masale hayakataliwi. Nimepokea."

Watu walishusha pumzi. Wanawake wawili walianza kufuta machozi. Aikande akafunua mtungi, akachota kata ikajaa, akageuka ili ampelekee Ndeanasia. Ili amfikie, ilibidi apite mbele ya mumewe aliyekuwa bado amepiga magoti.

Mangesho aliona kata ikija. Mkono wake ulitoka. Aliipokea, akainamisha kichwa, akafumba macho, akainywa yote mpaka chini bila kupumua. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Imekaa vizuri," akasema.

Alifumbua macho. Hakuna aliyesogea. Mama mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mzee Towo alikuwa anatazama chini, kama mtu aliyemkuta mkwewe uchi. Aikande alisimama na mikono iliyobaki wazi mahali kata ilipokuwa. Mangesho akatazama kata, akaona ni tupu, na polepole, kama mtu anayesoma kwa kidole, akaelewa alichofanya.

"Shemeji," akasema Ndeanasia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kila mtu aliisikia. "Hapo umefanya nini?"

"Nimeonja tu."

"Na siku ile ya mvua?"

Mangesho aligeuza kata mkononi.

"Siku ile ya mvua, shemeji?"

"Nilionja tu."

"Na kiangazi, zamu yangu ya maji ilipopita, ukaniambia nimelala?"

Mangesho alifungua mdomo, neno lile lile likaja hadi kwenye meno, akashindwa kulitoa.

"Ngilisho akinywa husema, 'Nimelewa,'" akasema Ndeanasia. "Tunamjua, tunaficha watoto, tunashika njia nyingine. Wewe umekunywa kuliko Ngilisho, na tangu nikufahamu hujalewa hata siku moja. Umeonja mpaka nyumba yangu ikaondoka. Umeonja mpaka kaka yako hana mahali pa kulala. Masale nimepokea na sitayarudisha. Lakini leo nimejua kitu: mwonjaji hajiiti mlevi."

Mangesho aligeuka kwa mkewe, akitafuta japo mtu mmoja wa kumtetea.

"Mke wangu, waambie. Mimi nimewahi kulewa nyumbani?"

Aikande alikuwa analia kimya. "Baba," akasema, "kwa nini nakupa chai nusu kikombe?"

"Si majani yamepungua?"

"Majani hayajawahi kupungua. Kikijaa unajimwagia. Nilikuwa naona haya usije ukajua kwamba najua. Ndiyo maana nikanyamaza. Na mimi nina kosa langu hapo."

Mangesho aliweka kata chini. Ilichukua muda, kwa sababu mkono haukutulia, na kata iligonga mtungi mara kwa mara, na watu wote walisikiliza mlio ule mpaka ulipokwisha. Akainuka. Alitoka akipita katikati ya watu ambao aliwahi kuwahukumu, na hakuna aliyemzomea. Angeona afadhali wangemzomea.

Msidhani aliacha siku ile na mambo yakawa mepesi. Alipokaa bila kuonja, mwili wake ulimsema kuliko shemeji yake alivyomsema. Alitetemeka hadi kitanda kizima kikatikisika. Alitapika maji matupu. Akaona mafuriko yakiingia mlangoni na kaka yake amesimama ndani yake, akapiga kelele. Aikande aliogopa, akamwita mganga wa zahanati ya misheni. Mganga alimkaripia kwamba mtu aliyezoea namna hiyo haachi kwa kujifungia peke yake, anaweza kufa. Alipaswa kuletwa mapema. Akampa dawa, akaagiza asiachwe bila mtu.

Aliyekubali kukaa naye alikuwa Ngilisho. Alimshika mabega alipotetemeka.

"Haya nayajua, mzee. Yanapita."

"Nenda zako. Wewe mlevi."

"Ndiyo. Na wewe?"

Mangesho aligeukia ukutani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayevua nguo mbele za watu, "Na mimi."

"Haya," Ngilisho akasema. "Sasa kunywa uji."

Aliacha. Alirudia mara moja, kwenye matanga, akaacha tena. Ngilisho alipunguza lakini hakuacha kabisa, na hakuwahi kusema ameacha. Pale penye shughuli, mwenye pombe akawa anaonja mwenyewe, na mtu akizidisha kata kwa kisingizio cha kuhakikisha, mama mmoja humwambia yale maneno ya Ndeanasia. Hivyo yakatoka kijijini hapo, yakashuka sokoni, yakafika hadi kwenye kipaimara cha leo.

Basi mwonjaji hajiiti mlevi. Wengine hawaonji mbege. Wanasema napoza koo, nasindikiza nyama, nafukuza baridi, nimeshika tu glasi wenzangu wasinune. Ninyi itazameni mikono ya mtu wa namna hiyo asubuhi, mwulizeni jana alirudi vipi, mwone kama atakasirika. Na msicheke kabla hamjahesabu kilichopotea kwa Mangesho kukataa neno moja. Nyumba ya mjane, yote. Ng'ombe mwenye mimba, na mbuzi waliolala naye. Mibuni aliyoipanda marehemu kwa mkono wake. Nyonga ya Ndeanasia, ambayo haikuunga sawa, akatembea na fimbo mpaka alipozikwa. Kazi ya mfereji, ambayo hakupewa tena. Kiti chake kwa wazee. Na kaburi la kaka yake, ambalo hadi leo hakuna mtu wa ukoo huo anayeweza kuweka mguu mahali akasema, lilikuwa hapa.